Kode Imefika Nyumbani, Mwenyewe Yuko Ulaya

Zamani mtu wa Masisi aliposafiri kwenda mbali, kwa masomo au kwa kazi, aliacha nyumbani shamba mikononi mwa ndugu yake, ng'ombe kwa baba yake, na sanduku lenye kufuli kwa mama yake. Siku hizi huacha na kitu kingine tena, nacho ni kidogo kama ukucha: kadi ya simu. Humpa mdogo wake akisema, "Itunze, namba yangu isife." Kisha hupanda gari, na hakuna alifikiriaye tena jambo hilo mpaka siku unapoingia ujumbe wenye tarakimu sita.

Tarakimu hizo ndizo tuziitazo kode. Benki, au kampuni ya kutuma fedha, au programu kama WhatsApp, ikitaka kujua kwamba anayegonga mlango ni mwenye nyumba wala si mgeni, hutuma kode kwa namba ile iliyoandikishwa siku ya kwanza. Mtu akiisoma na kuiandika, mlango hufunguka. Kode nyingi huishi dakika chache tu, kisha hazifai kitu. Shauri hilo ni jema kwa mtu aliyeshika simu yake mkononi. Lakini yule aliye Ubelgiji, na kadi yake iko Kitshanga, atafanyaje? Kode humfikia mdogo wake, naye hana budi kumsomea tarakimu moja moja kwa simu nyingine, upesi, dakika zisije zikaisha.

Wengine watauliza kwa nini asiondoke na kadi yake. Baadhi yao huondoka nayo, na wengine hufaulu. Kila kadi ina nyumba yake katika daftari la kampuni iliyoitoa, na daftari hilo huandika mahali kadi ilipo. Ujumbe ukija, kituo cha ujumbe huuliza daftari kwanza: kadi hii iko wapi? Ikiwa iko nchi nyingine, ujumbe hupitishwa kwa kampuni ya huko, mradi kampuni hizo mbili zina mapatano. Pasipo mapatano, simu ya mgeni haioni rezo, na ujumbe hulala njiani. Tena ujumbe usipopokewa huwekwa, na kujaribiwa baadaye. Kwa salamu za Noeli hilo halidhuru, bali kode ikifika baada ya saa mbili ni maiti. Hatustaajabu. Ujumbe wa kwanza wa namna hii ulitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, nao ulikuwa salamu za Noeli kweli. Ilikuwa njia ya kusalimiana, haikutengenezwa iwe ufunguo wa benki.

Ipo na sababu nyingine, na kwetu ndiyo kubwa. Kadi ile ni mfuko wa jamaa nzima. Humo hupita karo ya wadogo na dawa za bibi. Mwishoni mwa Januari 2025 mji wa Goma ulipotekwa na M23, na benki zikafunga milango yake, simu ndiyo iliyobaki kuwa benki ya watu wengi wa Kivu ya Kaskazini. Nani atakayeng'oa mfuko huo nyumbani na kwenda nao Ulaya?

Sasa tusimulie habari ya jamaa moja ya Kitshanga. Tumeisikia kwa baba mwenyewe, naye ametupa ruhusa, mradi tusitaje majina.

Mwana wake mkubwa alikwenda Ubelgiji kwa masomo mwaka 2022. Kadi yake alimwachia dada yake, msichana wa sekondari, mwenye akili na mwaminifu. Kila alipohitaji kode, alimwita, naye akamsomea. Haikuwa kazi nyepesi. Kitshanga, kama wajuavyo wote waliopita barabara ya kutoka Sake kwenda Mweso, ni mahali ambapo rezo huja na kuondoka kama ukungu wa asubuhi. Kuna siku antene ilikuwa imezimika, na siku nyingine simu haikuwa na moto, ikawa imeachwa kwa mtu wa kuchaji. Mara mbili tatu msichana alipanda kilimani, simu ikalia, naye alipokwisha kusoma tarakimu ya sita, kaka yake akamwambia, "Imekufa. Tungoje nyingine."

Mwisho wa Januari 2023 vita ilifika Kitshanga. Watu wale wale waliokwisha kuona nyumba zao zikiteketea mwaka 2013 walifunga tena virago. Msichana alikimbia pamoja na mama yake mpaka Sake, kisha mpaka kambi ya Bulengo, karibu na Goma. Njiani magodoro yalitupwa, na sufuria zikaachwa. Kadi ya kaka yake alikuwa ameifunga katika ncha ya kitenge, nayo ilifika. Twaomba msomaji alikumbuke jambo hili, kwa maana baadaye watu walimsema msichana huyu vibaya.

Siku moja mwaka 2024, wakiwa bado kambini, simu ilipokea kode. Hakuna aliyekuwa ameomba kode. Kabla hajashangaa, kukaja ujumbe mwingine katika WhatsApp, wenye jina na picha ya binamu yao aliye Kampala, mtu mzima, mwenye watoto: "Dada, samahani, nimekosea nikaandika namba yenu badala ya yangu. Nisaidie hizo tarakimu upesi." Msichana akazituma.

Binamu hakuwa ameandika neno lolote. WhatsApp yake ilikuwa imekwisha kuibwa juzi yake, kwa njia ile ile. Sasa mwizi alikuwa ameingia katika ya kaka, kwa sababu kaka, ingawa yu Ubelgiji, alikuwa bado anatumia namba yake ya Kongo. Saa hiyo hiyo jamaa wote walianza kupokea maneno yaliyotoka, kama walivyodhani, kwa mtoto wao wa Ulaya: amepata ajali, yuko hospitali, hawezi kuongea, watume fedha kwa namba ya rafiki yake, atazirudisha Ijumaa. Mjomba wao, mkimbizi katika Kyangwali, nchini Uganda, alituma dola 60 alizokuwa amezitenga kwa mbegu. Baba alikopa 50 kambini. Kambini, ndugu zetu! Mtu alalaye chini ya hema akope dola 50 kwa ajili ya mwana aliye Ulaya, naye mwana amekaa darasani mzima wa afya, hajui lolote.

Kaka alipoijua habari, aliandikisha namba yake upya. Dada yake alimsomea kode mpya, na mwizi akatolewa nje mara moja. Lakini mwizi alikuwa amekwisha kuweka namba ya siri yake mwenyewe, na sheria ya WhatsApp ni kwamba mwenye namba asiyeijua siri hiyo angoje siku 7. Basi akangoja. Katika siku hizo saba alisema maneno ambayo hatutayarudia. Kwa ufupi, alimwita dada yake mjinga. Naye msichana alizima simu, akampa mama yake kadi, na kwa muda wa miezi miwili hakuongea na kaka yake.

Aliyelitatua jambo hili ni baba. Aliwaweka wote wawili katika simu moja, akamwuliza kwanza binti: kwa nini ulizitoa tarakimu, na kando yake pameandikwa kwa Kifaransa kwamba asipewe mtu yeyote? Msichana akajibu, "Baba, onyo hilo naliona kila juma. Kila juma namsomea yaya kode, nalo lipo pale pale. Nilijua halituhusu sisi. Na huyu naye ni mkubwa wangu. Ningemwambiaje hapana?"

Ndipo baba akamgeukia mwanawe: "Ulimwachia mlango wako. Lakini hukumwachia ruhusa ya kuufunga mbele ya mkubwa."

Tumelifikiri neno hili siku nyingi, na twaona ndipo penye kiini cha jambo. Wakubwa wa kampuni huandika onyo lao kana kwamba kila mtu anaishi peke yake na simu yake. Kwetu sivyo. Jamaa iliyotawanyika kati ya Kitshanga, Kampala na Ulaya haiwezi kufuata neno "usimpe mtu yeyote" kama lilivyo, maana ikilifuata, karo hailipwi. Basi hulivunja kila siku kwa sababu njema, na kwa kulivunja hivyo onyo hupoteza nguvu zake. Mwizi anajua. Tena anajua ya kuwa kwetu mdogo hamkatalii mkubwa. Ujanja wake wote umejengwa juu ya adabu njema tuliyowafundisha watoto wetu. Je, tuwafundishe kukosa adabu? La. Ni wakubwa wenyewe wawape wadogo ruhusa mapema, kwa kinywa, mbele ya baba na mama: katika jambo la kode utanikatalia, nami sitakasirika.

Jamaa ile ilipatana hivi. Kode isiyoombwa haisomwi kwa mtu yeyote, hata kwa kaka mwenyewe. Anayeihitaji huita kwanza kwa sauti, kabla kode haijatoka, aseme, "Sasa hivi naomba ya benki," ndipo msichana hungoja ya benki, wala si nyingine. Maandishi hayatoshi kamwe. Na kwa kuwa siku hizi mashine zaweza kuiga hata sauti ya mtu, walichagua neno moja la nyumbani lisilojulikana na wageni. Hatukuambiwa neno lenyewe, wala hatukuuliza.

Mwenye kujiandaa kusafiri aweza kupunguza mzigo huu mapema. Katika WhatsApp aweke namba yake ya siri ya tarakimu sita, ile ambayo mwizi alimtangulia ndugu yetu kuiweka. Ikiwapo, kode peke yake haifungui. Akipata namba ya kudumu huko aendako, programu hiyo humruhusu kuibadili namba bila kupoteza mazungumzo yake. Ziko pia programu ndogo zinazotengeneza kode ndani ya simu yenyewe, kila sekunde 30 kode mpya, kwa hesabu ya siri na ya saa. Hazihitaji antene wala kilima. Si kila benki inayozikubali, lakini inafaa kuuliza kabla ya kupanda ndege, si baadaye. Huko Marekani taasisi ya viwango, iitwayo NIST, iliandika mwaka 2017 kwamba kode za ujumbe wa simu zitumiwe kwa tahadhari, maana namba ya mtu yaweza kuhamishiwa kadi nyingine kwa hila.

Na kadi iliyobaki nyumbani isisahauliwe. Laini isiyotumiwa muda mrefu hukatwa, kisha namba ile ile huuzwa kwa mtu mwingine. Muda huo hutofautiana kwa kila kampuni. Mnunuzi mpya si mwizi, ni mtu wa haki aliyenunua namba sokoni, na bado kode zako za benki zitamwangukia yeye. Kwa hiyo yule mtunza kadi atiwe unite kidogo mara kwa mara, aitumie kupiga simu, isikae kimya tu ndani ya kitenge. Na tusione haya kusema kwamba astahili na kitu chake mwenyewe. Mchunga ng'ombe wa mtu hunywa maziwa. Huyu msichana alichunga kadi miaka mingi bila hata daftari moja la shule.

Ninyi wanafunzi mnaosoma ukurasa huu, pengine ndio watunza kadi wa nyumba zenu, kwa kuwa ndio mnaosoma Kifaransa. Wasomeeni wazazi onyo lile kwa Kiswahili. Kaka yenu akiwa mbali na hajawapa ruhusa ya kumkatalia, mwombeni awape, baba akisikia.

Fedha za mjomba zilirudishwa kidogo kidogo, na mbegu zilipandwa kwa kuchelewa. Deni la baba kambini lililipwa mwishowe. Jamaa imekwisha kurudi Kitshanga, na kadi imerudi pamoja nao. Miezi michache iliyopita kaka alikuwa na haraka ya kulipa karo ya mdogo wao, akasahau mapatano, akaandika tu: "Dada, nitumie kode." Dada akamjibu kwa maandishi, "Sikujui." Akaandika tena, akatuma na picha yake amesimama mbele ya chuo. Hakujibiwa. Ilimbidi angoje mpaka jioni, rezo iliporudi, akaita kwa sauti na kulisema lile neno la nyumbani. Baba alikuwa ameketi karibu na moto, akasikia mwanawe akinung'unika kwamba siku nzima imepotea, na binti yake akicheka, kisha akaanza kusoma polepole: nne, saba, sifuri…