Uhura hakuacha kiti chake



Juma lililopita, tulipokuwa tunatoka shambani, mama mmoja wa chama chetu aliniambia kwamba anataka kuacha komite ya wazazi ya shule. Ni mwanamke peke yake kati ya wanaume sita. Kazi aliyopewa ni kuandika majina ya watoto kwenye daftari na kugawa chai. Akasema, "Dada, mimi ninakaa pale kama kiti tu. Bora nirudi kwenye maharagi yangu."

Siku ile sikuwa na jibu. Leo ninalo, nimelitoa kwenye filimu ya zamani.

Filimu hiyo inaitwa Star Trek. Ilianza kuonyeshwa kwenye televisheni ya Marekani mwezi wa tisa mwaka 1966. Ni hadithi ya kubuni ya watu wanaosafiri katikati ya nyota, katika miaka ambayo bado haijafika. Ndani ya chombo chao, karibu na mkubwa wa safari, ameketi mwanamke mweusi anayeshughulikia mawasiliano. Anaitwa Uhura. Jina hilo limetokana na neno letu uhuru. Katika hadithi ile yeye ni Mwafrika, na lugha aliyokua nayo ni Kiswahili.

Kuna sehemu mbili ninazopenda kuwasimulia watoto jioni, wakati tunangoja bugali.

Ya kwanza ni ile iliyofungua filimu, tarehe 8 mwezi wa tisa 1966. Mnyama wa ajabu anayekula chumvi ya miili ya watu anaingia ndani ya chombo. Anaweza kugeuza sura. Kwa Uhura anakuja na sura ya kijana mweusi mzuri, anamsemesha kwa Kiswahili. Watoto wanacheka. Kisha ninawauliza: anayekuja na lugha yenu, ni ndugu yenu kila mara? Sisi wa Masisi tunajua jibu.

Ya pili ilitoka mwaka 1967. Mashine mbaya inamfutia Uhura yote aliyojifunza. Anarudi kusoma kama mtoto wa kilasi cha kwanza. Anapokwama kwenye neno la Kiingereza, Kiswahili kinamtoka chenyewe. Mashine ilichukua masomo yote, lakini lugha ya nyumbani haikuiweza.

Sasa sikilizeni habari ya mwanamke mwenyewe aliyeigiza, Nichelle Nichols. Baada ya mwaka wa kwanza alichoka. Maneno aliyopewa yalikuwa machache, mara nyingi ni kusema tu kwamba njia za mawasiliano zimefunguka. Akaamua kuacha. Siku chache baadaye akakutana na Martin Luther King. Nichols alisimulia mara nyingi kwamba King alimsihi asitoke: alimweleza kuwa kwa mara ya kwanza watu walikuwa wanaona mweusi ameketi pale kama mwenye akili na heshima, na kwamba akiondoka, mlango ule unaweza kufungwa. Nichols akabaki mpaka filimu ikaisha mwaka 1969.

Wakati huo, mjini Chicago, msichana mdogo anayeitwa Mae Jemison alikuwa anamtazama. Alisoma, akawa daktari, akafanya kazi Sierra Leone na Liberia. Hata Kiswahili alijifunza. Mwaka 1977 Nichols mwenyewe alianza kusaidia shirika la NASA kutafuta wanawake na watu weusi wa kwenda angani. Na tarehe 12 mwezi wa tisa 1992, Jemison akapanda juu, mwanamke mweusi wa kwanza kufika huko. Hiyo haikuwa filimu tena.

Mama, kumbukeni Uhura alikuwa na kazi gani: kusikiliza. Habari yoyote iliyokuja kutoka mbali ilipita kwanza kwenye sikio lake. Wengine walidhani ni kazi ndogo.

Basi nikamrudia yule mwenzetu, nikamsimulia yote. Alicheka sana. Kisha nikamuuliza, "Kwenye daftari lako, ni wasichana wangapi walioandikwa mwanzoni mwa mwaka ambao leo hawaitiki?" Alinyamaza. Akaanza kuhesabu kwa vidole. Vidole vya mikono miwili havikutosha. Mmoja ameolewa. Wawili wanabeba mizigo njia ya Rubaya. Wengine waliacha walipoanza kupata damu ya mwezi, kwa sababu choo cha wasichana hakina mlango.

Nikamwambia, "Wale wanaume sita hawana hesabu hiyo. Wewe unayo. Ukirudi kwenye maharagi, nani ataisema?"

Hakunijibu pale pale. Lakini siku ya mkutano alienda. Aligawa chai kama kawaida, kisha hakuketi. Alifungua daftari, akasoma majina ya wasichana wasioitika, moja moja, mpaka mwisho. Anasema hakuna aliyekunywa chai yake ikiwa moto.

Mlango wa choo bado haujawekwa. Komite imesema italeta mbao. Kwa hiyo Jumamosi, baada ya kukusanya likelemba, twende wote shuleni tukaulize mbao ziko wapi. Mwenye nyundo nyumbani aje nayo.

Mubaki salama.