Leseni ya pombe si pambo la ukutani

Huenda baadhi ya wasomaji wakauliza: ukurasa wa utamaduni una haja gani na leseni za pombe? Jawabu limo katika Katiba ya Kenya ya mwaka 2010. Katika Jedwali la Nne, zinapoorodheshwa kazi za serikali za kaunti, leseni za pombe hazikuwekwa fungu moja na masoko na leseni za biashara. Zimewekwa chini ya utamaduni na burudani ya umma, pamoja na maktaba, majumba ya makumbusho, sinema na michezo. Walioandika hivyo, wakijua wasijue, wamesema neno kubwa. Nani anywe, anywe wapi, saa ngapi na kwa idhini ya nani, hayo ni mambo ya utamaduni kabla hayajawa mambo ya fedha.

Mimi ni mtu wa pwani, nimelelewa chuoni kwa Kurani, na kileo kwangu ni haramu. Sitafuti njia ya kukihalalisha. Lakini siafikiani na wenzangu wasemao kwamba dawa ni kupiga marufuku kila kitu, kisha tukalale. Dawa hiyo ilikwisha jaribiwa. Mwaka 1980 ilitungwa sheria ya kuharamisha chang'aa, ikakaa vitabuni miaka 30. Chang'aa haikwisha, kilichokwisha ni uangalizi. Ilipikwa gizani, ikauzwa gizani, na mwezi wa Novemba 2000 watu zaidi ya 100 wakafa mjini Nairobi kwa kunywa "kumi kumi" iliyotiwa methanoli, sumu ambayo ulimi hauitambui na ambayo hupofusha macho kabla ya kuua. Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu wa gizani hakusifiwa na mtu, na alichotia hakikuwa maji.

Ndipo ikaja sheria ya mwaka 2010 ya kudhibiti vileo, ambayo watu waliizoea kwa jina la Sheria ya Mututho, kwa jina la John Mututho aliyekuwa Mbunge wa Naivasha. Sheria hiyo iliifuta ile ya chang'aa na kuleta masharti. Baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana siku za mapumziko. Pombe isiuzwe katika vipakiti. Asiuziwe mtu aliye chini ya miaka 18. Na leseni isitolewe kwa mahali palipo ndani ya mita 300 kutoka shule ya watoto.

Sasa yachukueni masharti hayo mwende nayo Kaptembwo, upande wa magharibi wa Nakuru, mji uliopewa hadhi ya jiji Desemba 2021. Huko watu wameshonana. Ploti moja ina vyumba vingi vinavyotazamana, ua mmoja, choo kimoja, na mbele yake duka lenye dirisha la nondo. Nasari huwa ploti ya pili au ya tatu. Pimeni mita 300 kutoka mlango wa kila nasari, kisha mnionyeshe mahali ambapo mwenye duka dogo anaweza kuweka rafu ya chupa bila kuvunja sheria. Mtatembea mpaka viatu viishe soli.

Hapo ndipo penye fundo. Sharti lisilotekelezeka haliwi sharti, huwa bei. Kila afisa apitaye ana haki ya kufunga duka, na kila mwenye duka ana sababu ya kumpa afisa kitu ili asilifunge. Mwenye kuuza kwa adabu na mwenye kuuza sumu hulipa nauli ile ile, na wote wawili hubaki wazi. Sisemi mita 300 ziondolewe. Nasema zipimwe kwa kamba kabla ya leseni kutiwa sahihi. Asiyestahili akataliwe pale pale mezani, asipewe karatasi leo ili awindwe kesho.

Tena yako mambo ambayo hayahitaji kamba wala afisa. Aliyepata kukaa mitaa kama hiyo amemwona mtoto wa miaka tisa au kumi aliyetumwa na baba yake dukani, mkono mmoja noti, mkono wa pili chupa tupu. Muuzaji humpa, kwa hoja kwamba anayekunywa si mtoto. Sheria haikuuliza nani anakunywa. Imeuliza nani anauziwa. Mtoto huyo amefundishwa njia, bei na jina la kinywaji kabla hajajua kuzidisha kwa saba. Julai 2025 sera ya taifa juu ya vileo ilipendekeza umri upandishwe kutoka miaka 18 hadi 21. Vyema, lakini tutamlindaje kijana wa miaka 20 iwapo wa miaka tisa tunampimia mkononi?

Wazee wa nchi hii ya Bonde la Ufa hawakuwa na karatasi, lakini leseni walikuwa nayo. Wakalenjin walikaa duara kukizunguka chungu kimoja, kila mzee na mrija wake mrefu, na kijana hakuwa na nafasi katika duara lile. Wakikuyu waliichachusha muratina kwa ajili ya mahari na mashauri ya wazee. Kileo kilikuwa na siku yake, mahali pake na watu wake. Kilichopotea ni duara, na duka dogo halikuweka kitu mahali pa duara isipokuwa dirisha la nondo na mkono unaopokea pesa.

Serikali nayo ijitazame. Wakoloni mjini Nairobi, tangu miaka ya 1920, waliifanya pombe ya Waafrika kuwa biashara ya manispaa, na faida yake ikatumiwa kugharamia huduma za Waafrika hao hao. Mlinzi akawa mgema. Kaunti zetu zisirithi tabia hiyo kwa kuhesabu leseni kama mavuno. Februari 2024, huko Kirinyaga, watu 17 walikufa kwa pombe yenye sumu, na ikaelezwa na serikali yenyewe kwamba pombe ile ilikuwa kielelezo kilichotoka katika kituo cha polisi. Kielelezo ni amana. Leseni nayo ni amana. Katika miji ya Waislamu wa zamani alikuwako muhtasib, kazi yake kupita sokoni akikagua mizani na vipimo. Hakuwa akikusanya kodi, na kwa hiyo jicho lake halikuwa na pazia.

Mwenye duka atanijibu: "Nisipouza mimi, atauza jirani, na mimi nina kodi ya chumba na karo." Kweli, na sitamdharau mtu anayetafuta riziki. Lakini namwomba manne. Asimpe mtoto, hata akitumwa na mzazi. Asimimine kwa kipimo, auze chupa iliyofungwa tu. Aikague stempu ya ushuru kila anapopokea mzigo. Programu ya Soma Label ya Mamlaka ya Ushuru humwezesha kufanya hivyo kwa simu yake. Na asimkopeshe chupa mtu ambaye jina lake limo katika daftari kwa deni la unga. Hilo la mwisho halimo katika sheria yoyote niijuayo, lakini mwenye duka ndiye pekee ashikaye daftari zote mbili, na anajua nani atalala njaa.

Na wewe mkazi, usiseme haya hayakuhusu. Leseni ni ya miezi 12. Kila mwaka huombwa upya. Sheria ya 2010 iliagiza majina ya waombaji yabandikwe hadharani, na ikampa mtu yeyote haki ya kupeleka pingamizi kwa maandishi kabla ya kikao. Nendeni mkasome karatasi hizo. Jirani akistahili, mwacheni apate. Asipostahili, andikeni, kwa jina na kwa sahihi, maana mlevi akishazikwa hakuna kamati inayokaa kusikiliza pingamizi lake.