Mzee Wangu Anaona, Msibishe!

Mikono yangu inanuka tumbaku hata nikimaliza mche mzima wa sabuni. Ndiyo maisha ya Urambo hayo. Nyie wa town mnaodhani sigara inaota ikiwa ndani ya pakiti, endeleeni kudhani.

Leo naomba tumuongelee mshua wangu. Ruhusa kanipa, kwa sharti moja: niandike kwamba yeye bado anaona. Haya, nimeandika. Anaona.

Mambo yalianza na kikombe. Baba hataki mtu ammiminie chai, eti sisi tunamimina kama tunazima moto. Sasa jioni moja tumekaa barazani, yeye kashika chupa ya chai, anamimina huku anasimulia mvua za mwaka ule zilivyochelewa. Naangalia, chai inaelekea mezani, pembeni kabisa ya kikombe! Kabla sijafungua mdomo, mkono wa mama ukatoka, ukakisogeza kikombe mpaka chini ya chai, ukarudi zake. Wala hakumtazama baba. Alikuwa anachambua nsansa kwenye ungo, na mkono ule ulienda bila haraka, kama mkono unaofukuza nzi. Baba akaendelea na mvua zake.

Nikakaa kimya, ila usingizi wa siku hiyo ulikuwa wa mang'amung'amu.

Kuanzia hapo nikawa mpelelezi. Nikagundua bi mkubwa ana kazi ambayo hakuna aliyemwajiri. Mgeni akiingia uani, mama anamkaribisha kwa sauti ya mnadani, jina lake, la baba yake na kijiji anachotoka, ili baba ajue anampa nani mkono. Muuza sukari akirudisha chenji, mama anahesabu kwa sauti: elfu tano hiyo, elfu mbili hiyo, mia tano hiyo. Kandambili za baba lazima zikae upande wa kushoto wa mlango, na ole wake atakayezihamisha! Mimi miaka yote nilidhani mama ni mtu wa kelele na masharti. Kumbe anamuonea mwenzake.

Tatizo lenyewe linaitwa mtoto wa jicho. Ndani ya jicho kuna kitu kama kioo kidogo cha kupitisha mwanga. Mtu akizeeka, kioo kile kinaweza kuingia ukungu kidogo kidogo, mpaka mwenyewe anaona kama anachungulia kupitia nailoni chafu. Hakiumi. Ndiyo ubaya wake, maana kitu kisichouma mzee anakificha kirahisi. Duniani kote ndiyo sababu ya kwanza ya watu kupofuka, na ni upofu ambao mara nyingi daktari anaweza kuuondoa.

Baba kazaliwa 1951, mwaka ule ule Waingereza walipobwaga manyanga na mradi wao wa karanga. Walianza 1947, Kongwa, Nachingwea na hapa kwetu Urambo, wakateketeza pauni zaidi ya milioni 30, karanga zenyewe hazikuonekana za maana. Baada ya karanga ikaja tumbaku, na tumbaku ndiyo iliyotusomesha sisi wote. Baba alikuwa na sifa moja mji mzima: kupanga madaraja. Tumbaku ya mvuke ikitoka kwenye bani inapangwa jani kwa jani. Majani ya chini ya mche kivyake, ya katikati kivyake, ya juu kivyake. Halafu unakuja kwenye rangi: ya limau huku, ya chungwa kule, yaliyoungua na yenye ukijani pembeni. Ndipo unafunga robota. Watu walikuwa wanamwita baba aje kuangalia tumbaku zao kabla ya soko, analipwa kuku.

Sasa msimu huo alipanga yeye, kama kawaida. Siku ya soko mteuzi akachomoa majani katikati ya robota letu la kwanza, akayainua juani. Limau, chungwa, limau, jani jeusi lililoungua. Likawekwa pembeni. La pili, pembeni. La tatu, hivyo hivyo.

Wasiojua niwaeleze. Huku kwetu robota la mchanganyiko lina tafsiri moja tu: mwenyewe kaficha mabaya ndani ya mazuri. Ni wizi. Jamaa mmoja akapasua, "Hata wewe mzee?" Watu wakacheka. Baba naye akacheka, akasema, "Njaa hizo, bwana."

Jamani! Mtu aliyekuwa anaitwa kukagua za wenzake, anasimama mbele ya kijiji anakubali kuitwa mwizi ili asijulikane haoni. Sisi ni wajukuu wa wapagazi, mababu zetu walibeba pembe za ndovu kwa miguu mpaka Bagamoyo. Kumwambia Mnyamwezi wa umri ule akiri mzigo umemshinda, utangoja sana.

Usiku ule mimi na mama tulisubiri alale, tukawasha taa ya sola kule bandani, tukafungua marobota na kuanza kupanga upya. Kama saa sita hivi nikasikia fimbo inagonga ukuta.

"Mayu." Ananiita hivyo, mama kwa Kinyamwezi, kwa sababu nimerithi jina la mama yake.

"Abee, baba."

"Majani yanalia. Yamekauka mno, mnayavunja. Ngojeni umande."

Hakuuliza tunafanya nini. Akapapasa gunia, akakaa. Kimya kikatanda mpaka nikatamani jogoo awike hata kama saa si yake. Kisha akanyoosha mkono.

"Nipe. Wewe niambie rangi, mengine niachie."

Nikawa nasema "limau", nampa. Analipitisha kidoleni, ananusa, anasema la katikati, weka kulia. "Chungwa." La juu hili, zito, weka nyuma yangu. Vidole vyake havijasahau kitu. Tulikwenda hivyo mpaka alfajiri, na sikumbuki kama tangu nizaliwe nimewahi kukaa na baba saa nyingi namna ile bila kugombana. Katikati ya kazi akasema, kama anaongea na majani, "Yalianza mwaka juzi."

Mama akadakia, "Mwaka juzi? Huu ni wa nne!"

Wote watatu tukacheka, na mimi nikajifuta machozi nikasingizia vumbi la tumbaku.

Kumbe kisa cha kuficha chote kile ni woga. Aliwahi kusikia kilabuni kwamba daktari anang'oa jicho, analiweka kwenye sahani, analisuuza, halafu analirudisha. Sasa likidondoka? Msicheke, wako wengi wanaoamini hivyo. Nikamuuliza muuguzi wa macho, akanieleza taratibu: jicho haling'olewi. Linapigwa ganzi, kile kioo chenye ukungu kinatolewa, kinawekwa kingine cha plastiki, na mara nyingi haifiki hata saa moja. Na mwanzo wake unafurahisha. Daktari mmoja wa Kiingereza, Harold Ridley, aliona marubani wa vita walioingiwa macho na vipande vya plastiki ya vioo vya ndege, na macho hayakuvikataa. Mwaka 1949 akaweka kioo cha kwanza cha namna hiyo pale London. Hesabu vizuri: wenzake walikuwa hapa Urambo wanahangaika na karanga!

Kaka yangu mkubwa yuko Mbagala, dada yuko Mwanza. Niliporusha habari kwenye grupu la familia, nililaumiwa mimi. "Mbona kila Jumapili tukipiga anaongea fresh?" Ndiyo, anaongea fresh. Sauti haina mtoto wa jicho, kaka! Kaka akataka aletwe Dar moja kwa moja. Baba akajibu hawezi kwenda kukaa chumbani anahesabu vigae, tena vigae vyenyewe havioni. Hiyo sentensi ya mwisho ilimponyoka, ndipo kaka akanyamaza.

Na wewe unayesoma hii huku umesimama kwenye daladala, huwa unauliza "mzee yupo poa?" na unajibiwa yupo. Atakayekujibu vingine ni nani, mama yako? Siku ukienda, kaa ukaangalie nani anasogeza kikombe.

Tabora ni kilomita kama 90 tu kutoka hapa. Tulikwenda na basi la asubuhi, baba kavaa koti la harusi yake, mama akiwa na michembe kwenye kapu kama tunahamia. Lilifanywa jicho moja, la kulia. Kesho yake bandeji ilipotoka, alimtazama mama muda mrefu hadi muuguzi akapata wasiwasi.

"Kumbe na wewe umezeeka," akasema.

"Nilikuwa najiona peke yangu," mama akajibu.

Sasa hivi nyumbani hapakaliki. Kaona ukuta wa jiko una masizi, kaona kuku wangu wamekonda, kaona nimesuka rasta. Amerudi kupanga madaraja, na yule jamaa wa "hata wewe mzee" juzi kaleta kuku. Jicho la pili anasema mpaka mwakani, kwanza auze. Mama anasema mwezi ujao. Wanabishana kila jioni pale barazani, yeye anamimina chai yake, kikombe anakiona kabisa.

Na mama bado anakisogeza. Juzi baba alimwambia, "Naona, mama watoto." Mama akasema haya, jana yake akakisogeza, na leo kakisogeza tena.

Wiki ijayo nitawaletea vituko vya wasimamizi wa harusi. Msikose.