Kisasi Ndani ya Treni

Kila likizo vitabu vya upelelezi huzunguka mikononi mwa wanafunzi wetu, na hatuoni ubaya. Anayesoma huku akijiuliza nani mkweli na nani muongo anajizoeza kupima ushahidi. Neno letu linahusu kitabu kimoja tu, Murder on the Orient Express cha Agatha Christie, kilichotoka mwaka 1934 na kufanywa filamu mwaka 1974 na 2017. Ambaye hajakisoma atuwie radhi, maana tunaufichua mwisho wake.

Treni imekwama thelujini huko Yugoslavia. Abiria mmoja, Ratchett, anakutwa ameuawa, mwilini ana majeraha 12 ya kisu. Mpelelezi Poirot anagundua kwamba marehemu ndiye aliyemteka na kumuua mtoto Daisy huko Marekani, kisha akaponyoka mahakamani. Watu 12 wenye uhusiano na nyumba ya mtoto yule wamelipiza. Poirot anatoa maelezo mawili, ya kweli na ya uongo, na ya uongo ndiyo yanayochaguliwa wapewe polisi. Msomaji anafunga kitabu ameridhika.

Sisi hatukuridhika. Sheria yetu inakijua kisasi, wala haimwambii mfiwa asiumie. Lakini haki hiyo ni ya warithi wa aliyeuawa, nayo hupitia kwa kadhi. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, akisamehe mrithi mmoja tu, kisasi kimeanguka, iliyobaki ni diya. Haya, bibi yake Daisy tunamwelewa, ana kauli. Mpishi je? Dereva? Rafiki wa baba? Wamerithi damu gani hawa?

Tena ndani ya kitabu hicho hicho yumo mtumishi wa kike aliyeshukiwa na polisi, akajirusha dirishani akafa, na baadaye ikabainika hana hatia. Tuseme wale wenye visu wangekutana wiki ile aliyokuwa akishukiwa. Ratchett tunajua ni muuaji kwa sababu mwandishi ametuhakikishia. Mtaani, mtu anapopigiwa kelele za "mwizi!" na mawe yakaanza kuokotwa, nani anatuhakikishia?

Wazazi, msiwanyang'anye watoto kitabu. Waulizeni: wewe ungekuwa Poirot, ungesema nini kwa polisi?

Na mkizungumza, wasimulieni pia habari ya Wahshi. Sayyidna Hamza (R.A.) aliuawa Uhud kwa ajili ya kisasi: Jubayr bin Mut'im alimwahidi mtumwa wake Wahshi uhuru akimuua Hamza, kwa kuwa ami yake Jubayr aliuawa Badr. Miaka ikapita, Makka ikafunguliwa, Wahshi akaja kusilimu. Bwana Mtume (S.A.W.) alikuwa na nguvu zote siku hiyo, na aliyeuawa ni ami yake. Aliupokea Uislamu wake wala hakumgusa, ila alimwomba, akiweza, asimwonyeshe uso wake.