Choo cha kwanza cha mtoto: materniti ziandike saa

Mtoto akizaliwa, mkunga humpima uzito, humfunga kitovu na kuandika saa ya kuzaliwa. Jambo moja husahaulika kwa urahisi: saa ya choo cha kwanza, kile cheusi chenye kunata. Kusahau huko kunaweza kuua.

Mtoto aliyetimiza miezi yake kwa kawaida hupata choo hicho ndani ya saa 24. Zikipita 48 bila kitu, tumbo likavimba na mtoto akatapika rangi ya kijani, ni lazima kufikiria ugonjwa wa Hirschsprung, ulioelezwa mwaka 1886 na daktari wa Denmark, Harald Hirschsprung. Humpata takriban mtoto 1 kati ya 5.000, wavulana zaidi. Sehemu ya mwisho ya utumbo inakosa chembe za neva, haisukumi, na uchafu hukwama juu yake.

Nyumbani, wengine husema mtoto amerogwa. Wengine humtia maji ya majani kwa njia ya haja kubwa. Choo kinatoka kidogo, familia inatulia, majuma yanapita. Kumbe utumbo uliojaa unaweza kupata maambukizo makali yanayomaliza mtoto upesi.

Kuna watakaouliza: kwa nini kutafuta ugonjwa ambao hospitali nyingi za Kivu na Ituri hazina vyombo vya kuuthibitisha? Ni kweli, radio peke yake haitoshi. Uhakika hutoka kwenye kipande kidogo cha utumbo kinachotazamwa kwa mikroskopu na mtaalamu. Lakini kushuku hakuhitaji mashine. Kunahitaji swali moja na kalamu. Mtoto anayeshukiwa mapema anaweza kusafishwa utumbo kwa maji ya chumvi ya hospitali na mikono iliyofundishwa, kisha apelekwe kwa mpasuaji, akiwa bado na nguvu za kuvumilia safari ya barabara zetu.

Wakuu wa afya wa mikoa waongeze mstari mmoja kwenye karatasi ya mtoto: choo cha kwanza, siku na saa. Mama anayeruhusiwa kabla ya mstari huo kujazwa aambiwe wazi: saa 48 zikitimia bila choo, arudi na mtoto siku hiyohiyo, na asingoje tumbo livimbe. Wino wa mstari mmoja hauwezi kuishinda bajeti ya nchi.