Dola si ngao ya maskini

Kuanzia Komanda kupitia Mambasa hadi Nia-Nia, kwenye Barabara ya Taifa namba 4 katika mkoa wetu wa Ituri, Kongo, kuna imani ambayo mkulima wa kakao, mchimba dhahabu na mwenye duka hawaibishanii: faranga ni ya kutumia leo, dola ndiyo ya kuweka. Mtu akipata pesa kidogo, hukimbilia kwa kambiste, mbadilisha pesa wa mtaani, kabla jua halijazama. Mimi nasema imani hiyo inatufilisi, na wa kwanza kufilisika ni wale wale wanaodhani inawalinda.

Imani yenyewe haikuzuka hivi hivi. Desemba 1979 Rais Mobutu alizifuta ghafla noti za 5 na 10 za zaire, pesa yetu ya wakati huo, na akiba za watu zikabaki karatasi. Mwaka 1993 zaire mpya moja ilichukua nafasi ya zaire za zamani 3,000,000, watu wa Kasai wakaikataa, na mwaka uliofuata bei zikapanda kwa maelfu ya asilimia. Faranga ilirudi mwaka 1998, nayo ikaanza kuyeyuka. Noti ya 20,000, kubwa kuliko zote, ilipotoka mwaka 2012 ilikuwa na thamani ya zaidi ya dola 20. Katikati ya mwaka 2025 haikufika hata dola 8. Mzee aliyeyapitia hayo yote akikuambia uweke dola, usimcheke.

Lakini kuwa na sababu ya kukimbia hakufanyi kila unakokimbilia kuwe salama. Angalieni yaliyotokea mwishoni mwa mwaka 2025. Benki Kuu ya Kongo, chini ya gavana mpya André Wameso, iliingia sokoni kuuza dola, na katika wiki chache dola iliyokuwa karibu na faranga 2,850 ikashuka hadi kama 2,300. Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma! Aliyekuwa ameficha dola 100, ambazo mwezi wa nane zingempa faranga kama 285,000, mwezi wa kumi alipewa karibu 230,000. Je, bei ya mchele, sukari na mafuta ya kupikia ilishuka kwa kiasi hicho hicho? Wafanyabiashara walijibu kwamba mzigo waliununua kwa kiwango cha zamani. Ajabu ni kwamba dola inapopanda, hakuna anayesubiri mzigo wa zamani uishe.

Hapo ndipo ukweli unapoonekana. Dola humlinda anayeamua kiwango cha kubadilisha, siye anayeambiwa kiwango. Mnunuzi wa kakao hupiga hesabu yake kwa dola, kisha humlipa mkulima faranga kwa kiwango anachokitaja yeye mwenyewe penye mzani. Mkulima yule yule akienda dukani hukuta kiwango kingine, nacho hakimpendelei. Mwalimu wa serikali hulipwa faranga, lakini mwenye nyumba anadai pango kwa dola. Na noti ya dola ikichanika kidogo au ikiandikwa kalamu, inakataliwa au inakatwa thamani. Ile ya dola moja wengi hawaitaki kabisa. Zaidi ya hayo, dola iliyofukiwa ndani ya nyumba haizai kitu, na katika eneo hili ambako vijiji vimechomwa na waasi wa ADF, nyumba ikiungua inaungua na akiba yake.

Kuna hasara nyingine kubwa zaidi, nayo haionekani kwa urahisi. Agosti 2023 Benki Kuu ilipandisha riba yake kutoka 11% hadi 25%. Kwa kawaida riba kama hiyo hufanya watu wapende kuweka pesa ya nchi na waogope kuikopa hovyo. Kwetu faranga iliendelea kushuka mwaka uliofuata, kwa sababu karibu 90% ya amana na mikopo ya mabenki ya Kongo iko katika pesa za kigeni. Riba ya dola haiamuliwi Kinshasa. Huamuliwa Washington, na wanaoiamua hawajui Mambasa iko wapi.

Linganisheni na Kenya. Februari 2024 benki kuu yao ilifikisha riba 13%, serikali ikakopa dola nje ili kulipa deni lililokuwa linaiva, kisha ikauza hati fungani za miundombinu zenye riba ya zaidi ya 18%. Wageni walizitaka, lakini ilibidi kwanza wanunue shilingi. Dola ikashuka kutoka kama shilingi 160 hadi karibu 130. Dawa hiyo ina gharama yake, maana riba kubwa humkaba mkopaji mdogo. Lakini ilifanya kazi kwa kuwa Mkenya anauza, anakopa na kuweka akiba kwa shilingi.

Kinyume na huo wa Kenya, mtaji unaoingia Mambasa hauna habari na riba ya Kinshasa. Ni dola za mfanyabiashara anayemtangulizia mwenye shimo la dhahabu chakula na mafuta ya mashine, kisha analipwa dhahabu kwa bei anayoipanga mwenyewe. Hiyo ndiyo riba halisi ya hapa. Sehemu kubwa ya dhahabu hiyo inavuka mpaka kwa magendo kwenda Uganda, kisha Dubai. Oktoba 2025 dhahabu ilipita dola 4,000 kwa aunsi duniani, lakini utajiri huo hauijazi hazina ya Benki Kuu wala hauipi faranga nguvu.

Mtu ataniuliza: basi dola ipigwe marufuku? La. Rais Laurent-Désiré Kabila alijaribu mwaka 1999. Dola zikajificha, biashara ikakwama, na mwaka 2001 marufuku ikaachwa. Pesa haipendwi kwa amri. Inapendwa pale serikali inapoacha kutaja kwa dola kodi na ada zake yenyewe, inapolipa mishahara kwa wakati, na inapoacha kuchapa noti ili kuziba mashimo ya bajeti. Wabunge wa Ituri wangedai hayo kabla ya kutuhubiria uzalendo.

Nasi tuna sehemu yetu. Pesa utakayotumia mwezi huu iache iwe faranga. Kila unapobadilisha na kubadilisha tena, kambiste anakula pande zote mbili. Wakulima wakae pamoja wadai bei ya kilo itangazwe kwa faranga kabla ya kupima. Wapangaji wadai mikataba ya faranga. Dola ibaki na kazi yake kule mpakani Kasindi na Mahagi, tunakonunua bidhaa za wageni. Kati ya Mkongomani na Mkongomani, sokoni Mambasa, kazi yake ni moja tu: kumnufaisha anayeishika kwa jasho la asiyeishika.