Nuhu Ndani ya Hema Lake

Karibu kila mtoto aliyepita katika shule ya Jumapili aweza kuisimulia habari ya Nuhu mpaka mahali pa upinde wa mvua. Atataja safina, wanyama, mvua ya siku arobaini, njiwa na jani la mzeituni. Kisha atauchora upinde kwa rangi zote alizo nazo, na mwalimu atakusanya madaftari. Hata sisi tuliofunzwa ualimu tulizoea kulikomesha somo hapo. Lakini kitabu cha Mwanzo hakikomei kwenye upinde. Baada yake, katika sura ya tisa, ipo mistari michache ambayo wahubiri wengi huivuka upesi, maana inamwonyesha mtu mwenye haki akiwa amelewa na amelala uchi. Juma hili napenda tukae katika mistari hiyo, kwa sababu naona inawahusu sana watu wa kambini, ambao kazi yao ni kuingia katika hatari na kutoka, pamoja na jamaa zao wanaowangojea nyumbani.

Tuanze, hata hivyo, mlangoni pa safina. Siku za gharika zimeandikwa kwa uangalifu kama zinavyoandikwa habari katika kitabu cha matukio kituoni. Mvua ilianza Nuhu alipokuwa na umri wa miaka 600, mwezi wa pili, siku ya 17. Safina ikatua juu ya milima ya Ararati mwezi wa saba. Mwaka uliofuata, mwezi wa kwanza, siku ya kwanza, Nuhu aliondoa kifuniko cha safina, akatazama, akaona uso wa nchi umekauka. Lakini hakutoka. Alikaa ndani mpaka siku ya 27 ya mwezi wa pili, ndipo amri ya kutoka ilipomfikia. Karibu miezi miwili mtu anaiona nchi kavu kwa macho yake, na harufu ya mifugo imejaa puani mwake, naye angali akingoja neno la yule yule aliyemwambia aingie. Askari yeyote aliyewahi kuwekwa mahali pa ulinzi, akaambiwa asiondoke mpaka aambiwe, hahitaji maelezo zaidi juu ya siku hizo.

Alipotoka, kazi yake ya kwanza ilikuwa kujenga madhabahu. Hapo Mungu alisema moyoni mwake neno ambalo yafaa tulipime polepole. Alisema kwamba mawazo ya moyo wa mwanadamu ni mabaya tangu ujana wake. Mkirudi nyuma mpaka sura ya sita mtaona kuwa neno linalokaribia kuwa hilo hilo ndilo lililotolewa kuwa sababu ya kuleta gharika. Sasa limekuwa sababu ya kuvumilia! Maji yale yaliua viumbe, yakafunika milima, lakini hayakuubadili moyo. Watu nane waliotoka safinani walitoka na moyo ule ule wa kibinadamu walioingia nao, na Mungu aliyajua hayo alipowabariki.

Kisha akawapa amri juu ya damu. Damu ya mtu itatakwa mkononi mwa mnyama na mkononi mwa mtu, kwa kuwa mwanadamu ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Wanaobeba silaha za serikali wangefanya vema kukumbuka kwamba amri hii ilitolewa kabla ya taifa lolote kuwako, na kwamba haikutofautisha damu ya raia na ya mshukiwa, wala ya mwenyeji na ya mgeni. Baada ya amri hiyo ndipo upinde ulipowekwa mawinguni. Lugha yetu ya Kiswahili imetusaidia hapa, maana upinde wa mvua na upinde wa kurushia mishale twauita kwa jina moja. Na ndivyo ilivyo katika Kiebrania. Msomaji wa kwanza wa habari hii aliona silaha ya vita imetundikwa, na mwenye silaha ameahidi kutoangamiza tena dunia kwa maji.

Sasa twaja kwenye hema. Nuhu akawa mkulima, akapanda mizabibu, akanywa divai, akalewa, akalala uchi hemani mwake. Biblia haisemi kwa nini alikunywa hata akafikia hali ile. Wapo wanaomtetea kwamba hakuijua nguvu ya divai. Mimi nionavyo, kitu kimoja hakiwezi kusahauliwa: mtu huyu alitoka nje akakuta dunia isiyo na jirani. Kila mtu aliyemfahamu, isipokuwa jamaa yake ya ndani, amekwisha kufa. Madaktari wa siku hizi wanayajua maradhi yanayowapata watu waliopita katika vita au maafa makubwa. Wengine huota ndoto za kutisha miaka mingi baadaye, hushtuka kwa mlio mdogo, hukasirika bila kisa, hujitenga na watoto wao. Na wengi huitafuta pombe ili wapate usingizi. Sisemi kwamba Nuhu aliugua hivyo, wala siitumii habari hii kuuhalalisha ulevi. Nasema tu kwamba hatari ilipokuwa nje Nuhu alikesha na kutii kila alichoambiwa, na aliangukia shambani mwake, wakati wa amani, alipokuwa hana adui.

Akina mama mliowapokea waume zenu kutoka katika operesheni za mbali mnaijua hali hii kuliko mwandishi. Mume arudi salama, majirani waja kumpongeza, kuku achinjwa. Miezi mitatu baadaye waanza kuhesabu chupa. Mtu wa namna hiyo ahitaji tabibu na mshauri, kama vile mwenye risasi mguuni ahitavyo mpasuaji, na kuomba msaada huo kwa mganga mkuu wa kikosi au kwa kasisi wa kikosi si aibu ya uanaume.

Hamu, mwana wa Nuhu, aliuona uchi wa baba yake. Kuona kwenyewe pengine hakukuwa kosa. Mtu aweza kuingia hemani bila kujua atakalolikuta. Lakini alitoka nje akawaambia ndugu zake. Hakuchukua nguo, hakufunga mlango wa hema, alichukua habari. Nasi tunaoishi katika nyumba zilizobanana, na hasa wale ambao kwa miaka mingi wamelelea watoto katika vibanda vya mabati vya polisi, ambamo kikohozi cha jirani chasikika kama chako, twajua jinsi habari ya namna hiyo inavyosafiri. Kabla ya jogoo wa pili kuwika, bombani palipo foleni ya maji, kila mtu amekwisha kujua ni afande gani aliyebebwa jana usiku, na mtoto wake akifika shuleni aikuta imefika kabla yake.

Shemu na Yafethi walitwaa nguo, wakaitandaza mabegani mwao wote wawili, wakaenda kinyumenyume, nyuso zao zikitazama upande mwingine, wakamfunika baba yao. Jaribuni kulifanya jambo hili nyumbani, na watoto wakiwa watazamaji, nanyi mtaona ni kazi ngumu kiasi gani. Watu wawili wanaorudi nyuma na nguo moja hawana budi kwenda kwa hatua moja; mmoja akiharakisha, nguo yaanguka. Wala hawakumwamsha mzee wamhubirie. Hatusomi pia kwamba walimgombeza Hamu. Walitenda kimya, na mzee alipozinduka alikuwa amefunikwa.

Hapa naomba msomaji asinisikie vibaya. Neno hili la kufunika limetumiwa vibaya mara nyingi, nyumbani hata kazini. Mke aliyepigwa huambiwa afunike. Binti aliyeharibiwa na jamaa wa karibu huambiwa afunike ili ukoo usichafuke. Askari aliyeona mahabusu akiteswa huambiwa na wenzake afunike kwa heshima ya kikosi. Shemu na Yafethi hawakufunika jambo la namna hiyo. Walichofunika ni aibu ya mtu ambaye hakumjeruhi mwingine yeyote. Uchi wa mzee aliyelala. Damu ilikwisha kutolewa amri yake mistari michache nyuma, nayo hutakwa, haifunikwi. Anayepigwa na akaseme, kwa mkuu wa kituo, kwa mchungaji, kwa wazee. Na anayemsikia asimrudishe nyumbani na vazi la Shemu mkononi.

Nuhu akalevuka. Aliposikia alilotendewa akafungua kinywa chake, na hapa pana jambo ambalo wasomaji wengi hawalitambui: tangu jina lake litajwe mara ya kwanza, katika safina na gharika na madhabahu, Nuhu hajaandikiwa neno lake hata moja. Mungu husema, Nuhu hutenda. Neno lake la kwanza tunalolisikia ni laana, analitoa mara tu baada ya kulevuka, na linamwangukia mjukuu. Hakumlaani Hamu aliyekosa. Alimlaani Kanaani, mwana wa Hamu, kwamba awe mtumwa wa ndugu zake. Na Mungu, aliyesema sana mpaka mstari wa 17, hakusema lolote hapo. Tena mwanzoni mwa sura hiyo hiyo alikuwa amembariki Nuhu na wanawe wote watatu. Mzazi anayesoma haya na afikiri juu ya maneno ya asubuhi baada ya ulevi, yanayomwangukia mtoto ambaye hakufanya kitu.

Maneno hayo yalitembea mbali kuliko Nuhu mwenyewe alivyoweza kudhani. Kwa karne nyingi wenye kutetea utumwa, na miongoni mwao wahubiri wa majimbo ya kusini ya Marekani kabla ya vita vya 1861 hadi 1865, walifundisha kwamba Hamu ndiye aliyelaaniwa, kwamba Waafrika ni uzao wake, na kwamba kwa hiyo minyororo ilikuwa mapenzi ya Mungu. Mwingereza John Hanning Speke, aliyepita katika nchi zetu hizi za maziwa akikitafuta chanzo cha mto Nile, alilitaja neno hilo la laana katika kitabu chake cha mwaka 1863 alipoeleza hali ya Waafrika. Katika kitabu hicho hicho alidai kwamba jamaa za watawala wa nchi hizi walikuwa na asili ya Uhabeshi. Ndipo hadithi ikageuzwa kichwa chini: wataalamu waliomfuata, kama C. G. Seligman katika kitabu chake cha mwaka 1930, wakalifanya jina la Hamu kuwa la watu bora waliokuja Afrika na ustaarabu kutoka nje, na wengine wote wakaachiwa unyonge. Waafrika tukagawanywa kwa kitabu ambacho hakikugawa hivyo.

Nchini Rwanda wakoloni wa Kibelgiji waliichukua elimu hiyo wakaitia katika utawala, na katika miaka ya 1930 kabila likaandikwa katika vitambulisho. Wengi waliozaliwa baadaye waliamini kwamba Watutsi ni wageni kutoka Uhabeshi. Tarehe 22 Novemba, 1992, mwanasiasa Léon Mugesera alihutubia mkutano huko Kabaya, akatishia kwamba watarudishwa kwao Ethiopia kwa njia ya mto Nyabarongo. Mwaka 1994 miili ilionekana katika mto huo kweli, ikaingia Kagera, ikashuka mpaka Ziwa Viktoria. Katika fukwe za Uganda wavuvi na wanavijiji waliitoa majini kwa maelfu, nayo ikazikwa huko Kasensero, Lambu na Ggolo. Wengi wa waliokuwa wakitoa miili ile hawakuwa na undugu wowote na waliokufa. Walitwaa turubai, wakafunika.

Mkristo anayefungua sura ya tisa baada ya kuyajua hayo, na aisome kwa kidole juu ya mstari. Laana imetajwa Kanaani peke yake. Sura ya kumi yawataja wana wa Hamu kuwa wanne: Kushi, Misri, Puti na Kanaani, na Kushi, ambayo ndiyo nchi ya kusini ya Misri, haikuguswa na neno lolote la Nuhu. Hata kwa Kanaani, laana haikuwa na neno la mwisho. Mwanamke Mkanaani alimfuata Bwana Yesu katika pande za Tiro na Sidoni, akajibishana naye kwa ajili ya binti yake mgonjwa, akasifiwa imani kuliko wengi waliojiona watoto wa nyumbani.

Na kuhusu uzao wa Kushi, someni Yeremia sura ya 38. Nabii alitupwa katika shimo lisilo na maji, lenye matope tu, akazama humo. Wakuu wa Yerusalemu waliliona kuwa jambo jema. Aliyelikataa ni Ebedmeleki, Mkushi, mtumishi katika nyumba ya mfalme, mgeni tena mtu wa serikali. Alimwendea mfalme Sedekia langoni, mbele ya watu, akamwambia wazi kwamba wakuu wake wametenda vibaya. Akapewa watu thelathini. Lakini kabla ya kwenda shimoni alipita kwanza chini ya chumba cha hazina, akaokota humo matambara makuukuu, akayateremsha kwa kamba, akamwambia Yeremia ayaweke makwapani, kamba zisije zikamchubua wakati wa kumvuta.